Jino la Sita la Meno Kumi

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa hili: nilinoa kwa mkono wangu kisu cha kukatia fremu ambacho hakikuwa changu, na nilipoulizwa nikasema kilikuwa hivyo tangu zamani. Naliandika mbele kabisa lisije likanisumbua njiani. Wanaonifahamu wanajua kwamba jambo likinikaa rohoni siwezi hata kufunga kamba za viatu. Nazifunga, nazifungua, nazifunga upya, mpaka nachelewa.

Nimestaafu mwezi uliopita. Nina miaka thelathini na mbili. Ukimaliza kucheka tuendelee. Daktari aliushika mkono wangu wa kushoto, akazungusha kifundo, kikalia kama mnyororo mkavu, akasema mkono huu umemaliza habari za kukata na kukaza vyuma. Kwa hiyo aliyestaafu hasa ni mkono, mimi nimeusindikiza. Karakana ya baiskeli walinifanyia sherehe ya fanta na maandazi, na Patron, mwenye karakana, akatoa hotuba kana kwamba naacha wajukuu. Sasa nalima viazi Kanzenze, kwenye shamba la wakwe zangu. Matuta yangu yamenyooka kiasi kwamba majirani huja kuyatazama, kisha huondoka wakitikisa vichwa.

Nawaandikia ninyi mliobaki kwenye benchi. Mambo ya nani alipandishwa cheo sitayagusa, kwa sababu karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: Patron, na wengine.

Kazi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikimtazama bwana mmoja mwenye mikono safi mno akitengeneza baiskeli ambazo hazijawahi kuona matope. Ufa wa kioo ulipita katikati ya picha, basi kwa miezi mingi niliamini kwamba kila gurudumu lina kasoro upande wa kulia. Siku nilipofika karakana, Patron Selestini alinipa gurudumu la nyuma la munyonzi mmoja, yaani hawa wanaobeba abiria kwa baiskeli, akaniambia ninyooshe rimu. Nilianza saa mbili asubuhi. Saa nane mchana nilikuwa bado nazungusha, nikikaza spoku moja robo, nikilegeza nyingine nusu ya robo. Mwenye gurudumu alikuwa amelala kwenye benchi.

Patron akaja akasimama nyuma yangu. "We kijana, bado?"

"Imebaki nusu milimita, Patron."

"Nusu milimita! Huyu mutu alikuja kupanda baiskeli, hakukuja kuioa."

Tangu saa nane ya siku hiyo jina langu likawa Milimita. Wazazi wangu walirudi nchini kutoka Tanzania nikiwa mdogo, na Kiswahili cha nyumbani kwetu ni kile cha kule, kwa hiyo karakana nzima ilisema naongea kama redio. Nikisema "naomba spana hiyo tafadhali," walikuwa wanauliza taarifa ya habari itaendelea saa ngapi.

Sasa kisu chenyewe. Tulikiita Meno Kumi. Ni chuma cha duara, kipana kama mdomo wa kikombe cha chai, na upande mmoja kina meno kumi. Kazi yake ni moja. Mbele ya fremu kuna bomba fupi ambamo uma wa mbele unapita. Sisi tunaliita shingo. Ncha mbili za shingo lazima ziwe bapa na zitazamane sawasawa, la sivyo beringi hukaa upande, usukani hukwama katikati, na baiskeli huenda inakotaka yenyewe. Meno Kumi unakiweka kwenye ncha, unatia mafuta, unazungusha polepole, nacho kinamenya chuma chembamba kama ganda la kitunguu. Mzungu mmoja aliyekuwa na karakana hapa Gisenyi alimwachia Patron alipohama. Mjini hakikuwapo kingine. Patron alikifunga kwenye kipande cha kitenge na kukiweka juu ya kabati, karibu na Biblia, na nadhani siku nyingine alichanganya ni kipi cha kuombea.

Katika mwaka wangu wa pili, siku ya Jumatatu, akaja Donasi. Donasi alibeba abiria kati ya Rubona na mjini, mlima wote ule, na mapaja yake yalikuwa kama mitungi ya gesi. Alikuwa amepata fremu ya zamani ya mashindano, ya chuma, ameipaka rangi ya kijani. Jumapili wanyonzi walikuwa na mbio zao wenyewe, na mshindi wa kwanza angepewa mbuzi.

"Milimita, hii kadre unitengenezee shingo muzuri," alisema, akiigonga fremu. "Juu ile mbuzi nilishaitoa."

"Umeitoa vipi na hujashinda?"

"Niliahidi muzee wa Kanzenze, baba ya Klarisa, ule nataka kuoa. Nilimuambia siku ya Mungu magaribi mbuzi iko kwake. Alishajenga na kibanda."

"Kibanda cha mbuzi ambaye hayupo?"

"Na jina alishamupa."

Ukiwa mtu wa wasiwasi kama mimi, ukisikia kwamba mbuzi ana jina na kibanda, na kwamba kinachomtenganisha na nyumba yake ni mikono yako, huli chakula cha mchana. Patron aliniambia nianze kesho yake. Nikakishusha Meno Kumi, nikaifunga fremu kwenye jiliwa, nikazungusha. Kisu kiliteleza. Nikakandamiza, kikateleza tena, kikatoa mlio kama kidole juu ya dirisha. Nikasema moyoni: kimekuwa butu.

Hapo mtu mwenye akili angemwita Patron. Mimi nilikuwa nimeona video.

Nilikuwa na jiwe la kunolea nililonunua ng'ambo ya mpaka wa Petite Barrière kwa mama mmoja aliyeniapia kwamba lina almasi ndani. Almasi sikuziona, ila chuma lilikula. Wenzangu walipokwenda kula, nikakaa nyuma ya matairi mabovu na kuanza. Nilijiwekea sheria: kila jino misuguo hamsini, isizidi, isipungue. Jino la kwanza hamsini. La pili hamsini. Nikafika la sita, msuguo wa thelathini na kitu, simu ikalia. Mama. Mama akipiga lazima upokee, akikukosa anapigia majirani. Aliuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusema uongo wiki hiyo, na ilinirahisishia njia.

Niliporudi kwenye jino la sita sikukumbuka nilikuwa wapi. Thelathini na tatu? Thelathini na nane? Nikaongeza kidogo. Likaonekana fupi. Nikapunguza la tano ili lilifikie, kisha la saba ili lisione wivu. Umewahi kumwona mtu anayesawazisha miguu ya meza kwa msumeno? Anakata huu, anakata ule, mwisho watu wanakula sakafuni. Nilipomaliza mzunguko, jino la sita, lile nililodhani fupi, ndilo lilikuwa limesimama kuliko yote. Na wenzangu walikuwa wanarudi, nawasikia wakicheka barabarani. Nikakimbilia kwa mchomeleaji jirani, mwenye mashine ya jiwe la umeme, nikaligusisha jino hilo mara moja tu. Cheche zikaruka. Jino likageuka rangi ya buluu, nzuri sana, kama shingo ya njiwa.

Sikujua buluu maana yake nini, ila nilijua haikuwapo asubuhi. Nikaisugua kwa msasa laini mpaka ikaondoka.

Jumatano nikajaribu kwenye shingo ya Donasi. Kisu kilitetemeka na kuruka, na kiliacha mawimbi kama bati la paa. Patron akapita, akapitisha kidole.

"Mungu wangu. Hii kitu imefanya nini?"

"Nadhani kimekuwa butu, Patron. Kilikuwa hivyo tangu zamani."

Alinitazama kidogo, akakifunga kwenye kitenge chake. "Peleka kwa Mama Asumani. Umuambie ni cha Selestini."

Mama Asumani anakaa nyuma ya soko. Marehemu baba yake alinoa mikasi ya mafundi cherehani wa mji huu, naye akaendelea, akaongeza misumeno na visu vya wachinjaji, kisha akanunua mashine ya kunolea kutoka karakana iliyofungwa. Mashine ile ina kishikio chenye sahani ya matundu. Unageuza tundu moja, jino moja linakuja mbele ya jiwe, na kila jino linapata kiasi kilekile. Mtu wa namna yangu akiiona mashine kama ile anaweza kulia, na nilikaribia.

Alikuwa anamhudumia fundi cherehani mmoja, mtu mzima, amesimama mbele yake kama mwanafunzi.

"Nani aliharibisha huu mukasi?" Mama Asumani aliuliza.

"Ni kazi tu, Mama. Vitambaa."

"Kitambaa haifanye hivi."

Fundi akatazama viatu vyake. "Bibi alikata kuku."

"Bon. Ya kuku naijua." Akautia mkasi kwenye sanduku na kumpa stakabadhi ya maneno: "Kesho, baada ya sala ya adhuhuri."

Ndiyo ilikuwa desturi yake. Hakubali ubutu mpaka aambiwe umetoka wapi. Nilidhani ni umbea wa mtu anayekaa peke yake na mashine. Akakichukua Meno Kumi, akakilaza kifudifudi juu ya kioo cha dirisha, akachana ukurasa wa daftari na kupenyeza karatasi chini ya kila jino. Karatasi ilipita huru chini ya meno saba.

"Meno tatu zinakula, saba zinaangalia," akasema. "Nani alinoa?"

"Tulikipata hivi hivi, Mama."

Mama Asumani alikiinua kwenye mwanga, akakigeuzageuza. Kisha akaninyooshea kikombe cha chai ya tangawizi, nami nikakipokea.

"Unaona hii mikwaruzo? Yote inalala upande moja. Alinoa mutu wa mukono wa kushoto." Akaashiria kikombe changu kwa kidevu. Nilikuwa nimekishika kwa mkono wa kushoto. Nikakihamishia kulia, na chai ikamwagika.

"Ni mimi," nikasema.

Nisikufiche, nilijisikia vizuri. Nilimweleza habari ya jiwe, ya misuguo hamsini, ya simu ya Mama. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. Na katika kucheka kule nikaona imetosha, sehemu ya mashine ya umeme haina haja ya kutajwa. Nilishatubu vya kutosha kwa siku moja. Aliuliza, "Hakuna kingine? Haikuguswa na moto?" Nikasema hapana, Mama. Redio yangu ilitangaza bila kukwama.

Ijumaa nilikichukua. Meno kumi yalikuwa yanang'aa, na karatasi haikupita chini hata ya moja. Nikakitia kwenye shingo ya Donasi, nikapata nusu mzunguko wa ajabu, chuma kikimenyeka kama siagi. Kisha kikaanza kukwama mahali pamoja. Nikakitoa. Jino la sita lilikuwa limelala, ncha yake imeviringana kama ukucha wa kuku. Na katika shingo kulikuwa na mfereji mpya.

Shingo haikatwi milele. Kila ukisahihisha, inafupika. Nikapima: ilibaki nafasi ya kukata mara moja tu, na leo Ijumaa, na mbio Jumapili.

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwa Mama Asumani kabla hajafungua mlango. Alilitazama jino la sita bila kuligusa.

"Hii chuma ni ya zamani, inaogopa moto, ikiunguzwa inalegea," alisema. "Nilikuuliza moto."

"Ndiyo, Mama."

"Ukiniambia kuku, najua nikate wapi. Ukiniambia moto, najua niingie mpaka wapi. Mi siulizi juu ya kukupatisha haya. Haya haininoleshe kitu." Akakirudisha kwenye kitenge. "Lete mwenye chombo. Bila yeye mi sikigusi."

Nilirudi karakana nikitembea kama mtu anayebeba mayai. Donasi alikuwa amefika, amekaa juu ya tairi, anamuuliza Patron fremu iko wapi. Nikawaambia wote wawili twendeni. Njiani nilitangulia nimeinamisha kichwa, na Donasi akadhani tunakwenda kwenye msiba.

Uani kwa Mama Asumani nikasimama mahali aliposimama yule fundi wa kuku, nikasema yote: jiwe, simu, mashine ya umeme, buluu, msasa, na kwamba nilimdanganya Patron mara moja, Mama Asumani mara mbili, na mama yangu mzazi mara moja kuhusu chakula. Nilisema pia kwamba zile pampu mbili zilizobadilishwa vifuniko mwaka uliopita ni mimi. Hakuna aliyeniuliza habari za pampu. Nikisha kuanza huwa sijui kusimama.

Patron alinyoosha mkono. Akakichukua Meno Kumi, akageuza mpaka jino la pili.

"Na hapa," akamwambia Mama Asumani, "hili jino ilivunjika kona. Niliiangusha chini kwa simenti, mwaka ule ule muzungu alienda. Nimekuwa nasema ni yeye."

"Muzungu wa watu!" akasema Mama Asumani. "Yuko kwao analaumiwa bure." Akachukua mswaki wa zamani na bakuli la petroli, akasugua katikati ya meno. Vikatoka vipande vya kijani. Akavikusanya kwenye kiganja na kumtazama Donasi. "Na hii?"

Donasi akasogea karibu. "Hii ni rangi ya kadre."

"Rangi gani?"

"Ya... ya mulango ya fensi. Ilikuwa imebaki."

"Nilikuambia usipake ndani ya shingo!" Patron akafoka.

"Nilipaka mara mbili tu, Patron. Nilitaka ikuwe muzuri na ndani."

Mama Asumani akanigeukia. "Umesikia? Siku ya kwanza kisu haikukuwa butu. Ilikuwa chafu. Meno ilijaa rangi. Ungepiga mswaki, tungekuwa tumemaliza."

Nimepokea habari mbaya maishani, lakini hiyo ilinikalisha chini kwenye ndoo. Misuguo mia tano na zaidi, simu ya Mama, buluu yote ile, na dawa ilikuwa mswaki.

Sasa angalieni alivyofanya, maana hili ndilo la kujifunza. Lile jino la sita hakulinoa. Alilishusha chini kabisa, akapita mpaka mahali moto ulipofika, likabaki fupi lisiguse kitu. Yale tisa akayashusha kidogo yakawa sawa. Karatasi ikapita chini ya moja na kukamatwa na tisa.

"Kumi kasoro moja," nikasema. Roho iliniuma. "Mama, haitakuwa na dosari?"

"Watu tisa wanafanya kazi, moja anaangalia. We umeshaona nyumba ya namna gani ingine?"

Tukarudi karakana. Patron alinipa kisu mkononi. Nilitegemea afanye mwenyewe, na nilimwambia hivyo. Akasema, "Wewe ndiye unajua namna inaharibika." Nilipiga mswaki. Nilitia mafuta. Nikazungusha polepole, Donasi akishikilia fremu na kupumua kwa nguvu kuliko siku ya mlima. Ganda la chuma likatoka moja, refu, halikukatika. Nikatia beringi, nikafunga usukani, nikaiinua baiskeli mbele na kuusukuma kwa kidole. Ukaenda kulia, ukarudi kushoto, haukukwama popote. Nilikuwa nataka kupima tena. Patron akaninyang'anya kipimo.

Jumapili Donasi alishika nafasi ya pili. Aliyemshinda alikuwa na baiskeli ya mizigo, mbovu kabisa, na usukani uliofungwa kwa kamba za mpira, jambo ambalo sijalitafakari hadi leo kwa sababu za kiafya. Zawadi ya pili ilikuwa mwamvuli na godoro. Donasi alilibeba godoro kichwani mpaka Kanzenze, na mzee alilitazama, akatazama kibanda, akamwambia alilaze ndani ya nyumba kwanza, mambo ya kibanda yatazungumzwa. Klarisa aliolewa na Donasi mwaka uliofuata. Mbuzi alikuja kununuliwa siku za sherehe, na akapewa lile lile jina. Najua kwa sababu mdogo wake Klarisa ndiye mke wangu, na shamba la viazi ninalolima linapakana na kibanda.

Meno Kumi bado kipo juu ya kabati. Kila kilipopungua makali tulikipeleka nyuma ya soko, na hakuna mwingine aliyekinoa. Ndani ya kitenge chake huwa mnaiona karatasi, nayo sasa mnajua imetoka wapi, na kwa nini huandikwa humo nani alikishika mwisho, alikata nini, aliona nini. Mstari wangu wa mwisho niliuandika mwezi uliopita, unasema kilianguka kutoka mkononi kwa sababu kifundo kiliuma, kona ya jino la tisa ikavunjika.

Tangu wakati ule, kabla ya kunoa chochote nakisafisha kwanza, na nikikiharibu namwambia mwenye chombo siku ileile. Bado nafunga kamba za viatu mara mbili.